Kuhasi mbwa: umfanyie au umwache, na kama ni kumfanyia, lini?

Mtoto wa mbwa akishatimiza miezi minne au mitano na chanjo zake kukamilika, maswali huanza. Nimhasi? Akihasiwa atanenepa? Jike wangu azae kwanza mara moja? Dume wangu ataendelea kulinda? Kila anayeulizwa ana jibu lake: huyu anasema miezi sita bila kuchelewa, yule anasema mwaka na nusu, mwingine anaona jambo zima ni ukatili. Wengi wanasema kweli kuhusu mbwa waliowafuga wao, ila wa kwako huenda ni wa jinsia nyingine, ukubwa mwingine, na anaishi kwenye uzio mwingine.

Niseme msimamo wangu mapema. Hakuna umri mmoja unaowafaa mbwa wote, lakini kila mbwa ana jibu lake, nalo hutokana na mambo matatu: kama ni jike au dume, atakuwa na kilo ngapi akikomaa, na kama wewe unaweza kweli kumzuia asizurure. Hili la tatu watu hulipita haraka. Kwangu mimi ndilo la kwanza.

Kuhusu upasuaji wenyewe, jua hivi tu. Dume hutolewa korodani zote mbili, mara nyingi kupitia mkato mmoja mdogo mbele ya pumbu. Jike hufunguliwa tumbo na kutolewa ovari, kwa kawaida pamoja na mji wa mimba. Hakuna kinachofungwa ili baadaye kifunguliwe. Ndiyo maana uamuzi huu ufanyike kwa utulivu, siyo siku madume sita wamelala nje ya geti lako.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaamua

- Tarehe ya kuzaliwa, au makadirio. Kama umemwokota, daktari wa mifugo ataangalia meno: ya ukubwani huwa yameota yote akifikisha miezi sita au saba.
- Uzito wake wa leo na makadirio ya uzito wa utu uzima. Kama uliwaona wazazi wake, waangalie hao. Kama hukuwaona, mpime kila wiki mbili na uandike.
- Kwa jike: tarehe ya kila joto, yaani kipindi anachoweza kupandwa, siku damu ilipoanza kuonekana na siku ilipokoma. Andika kwenye kalenda. Kichwa husahau.
- Kadi ya chanjo, na tarehe za mwisho za dawa ya minyoo na ya kupe.
- Historia ya magonjwa, hasa homa ya kupe. Utaona sababu kwenye hatua ya 5.
- Wiki mbili ambazo nyumbani kutakuwa na mtu wa kumwangalia.
- Kola ya koni ya kumzuia asilambe mshono. Inunue kabla ya upasuaji.

Hatua ya 1: Jibu swali la uzio kabla ya swali la umri

Jike huingia kwenye joto mara ya kwanza akiwa na miezi sita hivi kama ni mdogo wa umbo. Wakubwa huchelewa, na wapo wanaofika mwaka mmoja na zaidi. Joto moja huchukua takriban wiki tatu, kisha hurudi kila baada ya miezi sita au saba, ingawa wengine hupata mara moja tu kwa mwaka. Anaweza kushika mimba kwenye joto lile la kwanza kabisa, akiwa yeye mwenyewe bado mtoto, na dume anaweza kuwa kaka yake wa tumbo moja. Mbwa hawachagui undugu. Mimba ni kama siku 63, na baada ya hapo una watoto wa kulisha, kuchanja na kutafutia nyumba.

Sasa jiulize bila kujidanganya. Uzio una mashimo? Geti huachwa wazi asubuhi? Kuna mtoto au mgeni anayesahau kufunga? Jike na dume wanalala boma moja? Kwa wiki tatu nzima, mara mbili kwa mwaka, kuna mtu wa kukaa macho?

Kama majibu yanaonyesha huwezi kumzuia, usisubiri mifupa ikomae wala usisubiri mwaka utimie. Mhasi akiwa na miezi mitano au sita, mkubwa au mdogo wa umbo. Madhara ya kuhasi mapema yapo na nitayaeleza, lakini ni ya kubahatisha na ya miaka ya mbele. Mimba ya jike anayezurura ni jambo la msimu ujao.

Kuzurura kuna hatari nyingine ambayo wanaoanza kufuga hawaijui: uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Ni saratani ya ajabu, kwa sababu seli zake hasa ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Huonekana kama nyama iliyochanua mithili ya koliflawa kwenye uke au uume, inayodondosha damu. Hutibika kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, zinazochomwa kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini ni heri asiipate. Mbwa asiyepandana ana nafasi ndogo sana ya kuipata.

Kama unaweza kumdhibiti kweli, una muda, na pia una haki ya kuamua kutomhasi kabisa. Norway sheria yao ya ustawi wa wanyama inataka kuwe na sababu ya msingi kabla ya kuhasi, na mbwa wengi huko huishi na viungo vyao bila kuzaana ovyo kwa sababu wenye mbwa huwashika. Inawezekana. Ni kazi ya kila siku, hilo tu.

Hatua ya 2: Mweke upande wake wa kilo 20

Miongozo ya mwaka 2019 ya AAHA, chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, inawagawa mbwa kwa uzito watakaokuwa nao wakikomaa: walio chini ya takriban kilo 20 na walio juu yake. Ni mstari mzuri wa kuanzia.

Sababu iko kwenye mifupa. Homoni za uzazi ni miongoni mwa zinazoiamuru mifupa mirefu iache kurefuka. Ukiziondoa mapema, miguu huendelea kukua kidogo kupita mpango wake, na viungo vya nyonga, goti na kiwiko hubeba mzigo ambao havikupangiwa. Kwa mbwa mdogo hili halina uzito. Kwa mkubwa lina uzito.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Benjamin Hart, walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa aina 35 za mbwa. Wadogo kama Chihuahua na Yorkshire Terrier hawakuonyesha ongezeko la matatizo ya viungo walipohasiwa mapema. Golden Retriever, Labrador na German Shepherd waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walionyesha. Ukubwa pekee pia si kila kitu: Great Dane, ambaye ni jitu, hakuonyesha ongezeko hilo. Kundi hilohilo la watafiti liliangalia pia mbwa chotara, likakuta hatari ikipanda kwa wale wanaozidi kilo 20 wakihasiwa kabla ya mwaka. Rottweiler ana jambo lake tena: waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walionekana kupata saratani ya mifupa zaidi ya wenzao.

Kosa la kawaida hapa ni kukadiria kwa macho. Mtoto wa miezi mitano mwenye kilo 14 si mbwa mdogo. Huyo bado yuko njiani. Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa mkubwa.

Hatua ya 3: Kama ni jike

Kwa jike hesabu ina pande nyingi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kwanza matiti. Uvimbe wa matiti ni miongoni mwa uvimbe wa kawaida zaidi kwa jike asiyehasiwa, na karibu nusu yake huwa ni saratani. Utafiti wa mwaka 1969, ambao bado ndio unaotajwa sana, ulikuta kwamba aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari ya yule ambaye hakuhasiwa. Akihasiwa baada ya joto la kwanza hubaki na asilimia 8, baada ya la pili asilimia 26. Ni utafiti wa zamani na wapo waliohoji njia zake. Usizichukue namba hizo kama hesabu ya mbwa wako. Chukua mwelekeo wake: kila joto linalopita hupunguza kinga hiyo.

Pili, usaha kwenye mji wa mimba. Huu ndio unaowaua majike ambao wenye mbwa walidhani wako salama kwa sababu hawajawahi kupandwa. Hutokea wiki chache hadi miezi michache baada ya joto, hasa kwa majike waliokwisha kuwa watu wazima. Kati ya mbwa waliokatiwa bima huko Sweden, karibu robo ya majike ambao hawajahasiwa waliupata kabla ya kufika miaka kumi. Aliyehasiwa kwa usahihi anauepuka karibu kabisa.

Upande wa pili wa mizani kuna kuvuja mkojo usingizini. Jike aliyehasiwa, hasa wa umbo kubwa, anaweza kuanza kuacha unyevunyevu alipolala, miezi au miaka baadaye. Halimtokei kila mmoja, na kwa wengi hutulizwa na dawa, lakini lijue kabla.

Kwa hiyo:

- Jike wa chini ya kilo 20: miezi 5 hadi 6, kabla ya joto la kwanza. Hapa sioni sababu ya kungoja.
- Jike wa juu ya kilo 20: AAHA wanaacha nafasi pana, miezi 5 hadi 15. Mimi humshauri mwenye uzio wa uhakika asubiri joto la kwanza lipite, kisha amhasi kabla ya la pili. Mifupa inapata muda na sehemu kubwa ya kinga ya matiti inabaki.
- Golden Retriever jike: zungumza na daktari kwa kirefu. Kwa aina hii kuhasi kwa umri wowote kulihusishwa na ongezeko la baadhi ya saratani, na wapo wanaochagua kumwacha.
- Jike mwenye uke uliozama ndani ya ngozi, au anayepata maambukizi ya uke mara kwa mara akiwa mtoto: mwache apate joto moja. Mara nyingi umbo hujirekebisha lenyewe.

Makosa matatu ya kuepuka. Usimpeleke kuhasiwa akiwa kwenye joto kama hakuna dharura, maana mishipa imejaa damu na upasuaji huwa mgumu zaidi. Subiri miezi miwili hadi mitatu tangu joto liishe. Usimpeleke akiwa na maziwa ya mimba ya uongo, yaani matiti yamejaa na anabeba viatu kama watoto, subiri yakauke. Na usimzalishe "mara moja kwa afya yake". Hakuna faida ya kiafya inayojulikana ya kuzaa mara moja, na kila joto linalosubiriwa lina gharama niliyokwisha kuitaja.

Hatua ya 4: Kama ni dume

Kwa dume haraka ya kiafya ni ndogo. Uvimbe wa korodani huja uzeeni na kwa kawaida hausambai, tezi dume hutanuka kwa karibu kila dume anayezeeka bila kuhasiwa lakini hunywea ndani ya wiki chache akihasiwa hata akiwa mzee, na saratani ya tezi dume, ambayo ni nadra, haizuiwi na kuhasi. Kwa hiyo dume anayedhibitiwa anaweza kusubiri.

- Chini ya kilo 20: karibu miezi 6.
- Juu ya kilo 20: akishamaliza kukua, miezi 9 hadi 15. Kwa aina kubwa zaidi, au zile zilizoonyesha hatari kwenye hatua ya 2, wengi husubiri hadi karibu miaka miwili.

Wengi huja na dume kwa sababu ya tabia, na hapa ndipo matumaini huzidi ukweli. Kuhasi husaidia mambo yanayoendeshwa na homoni: kutoroka kufuata majike, kukojoa kila kona ya nyumba, kupanda mbwa wengine. Kwa madume wengi tabia hizi hupungua, kwa wachache huisha kabisa. Hakufundishi adabu. Mbwa anayevuta kamba, anayetafuna viatu au anayeruka juu ya wageni atarudi kutoka kwa daktari akiwa vilevile.

Kuhusu ulinzi, ondoa hofu. Kubweka na kulinda boma hutokana na silika yake na malezi yake. Wapo majike wengi waliohasiwa ambao hakuna mgeni anayethubutu kuingia getini kwao.

Onyo moja zito: dume anayeuma kwa woga usimhasi kwa haraka ukidhani utamtuliza. Ukali wa woga haushushwi na kuhasi, na kwa baadhi unaweza kuongezeka. Mtafutie kwanza mtu wa kumfundisha. Ukitaka kujaribu bila kufunga mlango, muulize daktari kuhusu kipandikizi cha deslorelini, kidonge kidogo kinachowekwa chini ya ngozi na kuzima homoni kwa miezi 6 au 12 kulingana na kipimo. Wiki za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, kwa hiyo usihukumu matokeo mapema.

Dume ambaye korodani moja haijashuka ana kanuni yake. Kwa kawaida zote mbili huwa zimeshuka akiwa na miezi miwili; kama kufikia miezi sita moja bado haionekani, haitashuka. Iliyobaki ndani iko kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani, na hali hii hurithiwa. Huyu ahasiwe, zote mbili zitolewe, na asizalishwe hata kama ni mzuri wa kupigiwa picha.

Hatua ya 5: Mpeleke akapimwe, uulize maswali

Nenda siku kadhaa kabla ya upasuaji. Daktari amsikilize moyo, amwangalie fizi, apime uzito na damu. Kipimo cha damu watu hukikata ili kubana matumizi, nami nakusihi usikikate kama mbwa wako amewahi kuwa na kupe. Homa ya kupe inaweza kushusha chembe za damu zinazogandisha bila mbwa kuonyesha dalili kubwa. Anakula, anacheza, halafu akifunguliwa tumbo damu haisimami. Akigundulika nayo, atibiwe kwanza na upasuaji usogezwe.

Doberman wana ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, kwa hiyo mkumbushe daktari. Mbwa wa pua fupi kama Bulldog na Pug wanahitaji uangalizi zaidi wakati wa kulala na kuamka, kwa sababu ya njia yao nyembamba ya hewa.

Muulize daktari: Atatumia dawa gani ya usingizi? Mbwa atawekewa mrija wa hewa na dripu? Atapewa dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani? Nani atakaa naye mpaka aamke? Daktari mzuri hajali kuulizwa. Kwa mbwa mwenye afya hatari ya kufa kwa sababu ya usingizi ni ndogo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta ni takriban mbwa 1 kati ya 2,000. Hatari hiyo huwa ndogo pale mtu anapokuwa amesimama pembeni akimwangalia mbwa.

Usikubali kamwe mtu asiye na taaluma amhasi dume wako kwa wembe au kwa kumfunga mpira bila dawa ya usingizi. Ni mateso, na wengi hufa kwa kutokwa damu au kuoza kidonda.

Usikubali pia sindano za kuzuia joto za homoni ya projestini kama njia ya mkato. Huongeza hatari ya usaha kwenye mji wa mimba, uvimbe wa matiti na kisukari.

Hatua ya 6: Usiku wa kuamkia upasuaji

Mwogeshe siku moja kabla, kwa sababu hataoga tena kwa wiki mbili. Chakula kisimamishwe kwa saa ambazo daktari amekuambia; kwa mbwa mzima mara nyingi ni kuanzia usiku, kwa mtoto mdogo ni saa chache tu kwa kuwa sukari yake hushuka upesi. Maji mwachie hadi asubuhi kama daktari hajasema vinginevyo. Waambie wote nyumbani, hasa watoto.

Akiiba chakula asubuhi ile, sema. Mbwa anayetapika akiwa usingizini anaweza kuvuta matapishi kwenye mapafu. Kuahirisha siku moja si hasara.

Hatua ya 7: Siku 14 za kwanza

Siku ya kwanza atayumba, atalia kidogo, atalala. Mweke sakafuni, mahali pakavu penye joto, mbali na ngazi na mbali na mbwa wengine. Mpe maji kidogo, kisha chakula kidogo jioni.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne utakutana na shida halisi: atajiona amepona. Atataka kukimbia na kuruka kwenye kochi. Kwa jike hasa, misuli ya tumbo ndani bado inaunga, na kuruka kunaweza kuifungua hata kama ngozi juu inaonekana nzuri. Mtoe kujisaidia kwa kamba, mrudishe. Fanya hivyo mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14.

Kola ya koni ikae usiku na mchana. Watu huivua kwa huruma, na dakika tano za kulamba zinatosha kufungua mshono.

Angalia kidonda asubuhi na jioni. Wekundu mdogo na uvimbe mdogo ni kawaida. Usipake mafuta, spiriti wala majivu. Usimpe dawa za maumivu za binadamu: ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli zinaweza kumharibu tumbo, figo au ini.

Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa sababu mbegu zilizokwisha kutengenezwa zimebaki kwenye mirija. Mtenge na majike kwa wiki sita.

Hatua ya 8: Punguza chakula

Mahitaji yake hushuka kwa karibu robo huku hamu ya kula ikipanda. Ndiyo maana watu husema kuhasi kunanenepesha. Punguza kipimo kwa robo mara mshono ukipona, kama ameshamaliza kukua. Anayekua bado apewe chakula cha watoto wa mbwa kwa kipimo cha kuangaliwa. Kila wiki mpapase mbavu: uzisikie kwa urahisi bila kubonyeza.

Mambo yakienda kombo

*Joto limeanza kabla ya tarehe ya upasuaji.* Piga simu, sogeza tarehe miezi miwili au mitatu mbele, na mfungie ndani. Akitoka nje, awe na kamba mkononi mwako.

*Amepandwa kwa bahati mbaya.* Usimpe vidonge vya binadamu vya kuzuia mimba. Mwone daktari ndani ya siku chache. Anaweza kuhasiwa akiwa na mimba changa, au kupewa dawa ya kuiondoa. Kadiri unavyochelewa ndivyo njia zinavyopungua.

*Amekwisha kuzaa.* Subiri watoto waache kunyonya na maziwa yakauke.

*Pumbu la dume limevimba siku ya pili.* Uvimbe kidogo ni kawaida, na ngozi tupu hunywea baadaye. Likiwa kubwa kuliko kabla ya upasuaji, jeusi au gumu, mrudishe.

*Fizi zimepauka, hawezi kusimama, tumbo linajaa, au damu inadondoka bila kukoma.* Ni dharura ya saa hiyohiyo. Vilevile kama mshono umefunguka na kitu kinachungulia: funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, mzuie asilambe, nenda.

*Hajala kwa zaidi ya siku nzima, au kidonda kinanuka na kutoa usaha.* Mrudishe siku hiyo, usingoje tarehe ya kutoa nyuzi.

*Dume bado anapanda wenzake miezi miwili baadaye.* Huenda ni mazoea au mchezo. Mkatize kwa utulivu, mpe kazi nyingine, kila mara. Kuhasi kumefanya sehemu yake.

*Jike aliyehasiwa anaonyesha joto tena.* Huenda kipande cha ovari kilibaki. Andika tarehe, mpeleke wakati dalili zipo ili apimwe homoni. Hutolewa kwa upasuaji wa pili.

*Anaacha mkojo alipolala.* Mkojo upimwe kwanza kuona kama kuna maambukizi, kisha daktari achague dawa. Usimnyime maji.

Ukiamua kumwacha bila kuhasi

Kwa jike, endelea na kalenda ya joto, na umpapase matiti kila mwezi kutoka kifuani hadi kinenani. Kivimbe kidogo kama punje kipelekwe kikiwa bado punje. Kwa miezi minne baada ya kila joto, mwangalie unywaji wake wa maji: akianza kunywa na kukojoa kupita kawaida, kukataa chakula, kutapika, au kutoa ute wenye usaha nyuma, mpeleke siku hiyo. Ute ukikosekana usitulie, kwa sababu mlango wa mji wa mimba ukiwa umefunga usaha hujaa ndani, na huo ni mbaya zaidi.

Kwa dume, papasa korodani kila mwezi ukilinganisha ukubwa na ugumu wa zote mbili, na kuanzia miaka mitano au sita angalia kama anajikamua sana akienda haja kubwa au kama mkojo una damu. Na kama siku moja hali ya nyumbani itabadilika, uzio ukaanguka, ukahama au ukaleta mbwa wa pili wa jinsia tofauti, rudi hatua ya 1 ulijibu upya lile swali.